Mji Uliotangazwa Kuwa Umekufa



Mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ufukoni mwa Ziwa Kivu, upo mji wa Goma. Mji huo umegusana kabisa na mji wa Gisenyi wa Rwanda, hata mgeni asiyeambiwa huweza kudhani kuwa ni mji mmoja wenye kizuizi cha barabara katikati. Upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita ishirini hivi, umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470. Kileleni mwake mna shimo kubwa, na kwa miaka mingi ndani ya shimo hilo limekuwamo ziwa la mawe yaliyoyeyuka. Usiku wingu lililo juu ya mlima huwa jekundu. Watoto wa Goma huzaliwa wakalikuta wingu hilo, wakakua nalo, na aghalabu hawalitazami mara mbili.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari, 2002, ubavu wa kusini wa mlima huo ulipasuka. Moto haukurukia angani kutoka kileleni kama unavyochorwa katika vitabu vya shule. Ardhi ilifanya ufa, na ufa ukateremka kuelekea mjini kama nguo inayochanika, na humo ndimo ilimotokea lava. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya milima mingi ya volkeno duniani. Hutiririka karibu kama uji. Alasiri mkondo mmoja ulikuwa umekwisha kuingia katika uwanja wa ndege na kufunika kiasi cha theluthi moja ya njia ya kurukia. Kisha ukapita katikati ya mji, katika mitaa ya maduka na mitaa ya makazi, ukalibomoa kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na usiku ukamwagikia ziwani huku mvuke ukipanda. Mahali pengine mkondo huo ulikuwa na upana wa kilomita nzima, na unene unaoweza kumfunika mtu mzima aliyesimama.

Usiku huo watu wapatao laki tatu hadi laki nne waliondoka Goma. Wengi walivuka mpaka wakaingia Gisenyi. Wengine walishika barabara ya magharibi iendayo Sake. Wengine wakatafuta vyombo vya kwenda Bukavu kwa njia ya ziwa. Walibeba kilichobebeka: godoro, sufuria, cherehani, mtoto mgongoni. Hapakuwa na king'ora. Hapakuwa na malori yaliyopangwa, wala ofisa aliyesimama njia panda na ramani mkononi. Mtu yeyote aliyepata kuhamisha hata batalioni moja usiku, katika giza na mvua ya majivu, anajua maana ya maneno haya. Mji mzima ulijihamisha kwa miguu yake wenyewe, na hesabu ya waliopoteza maisha katika balaa lote, siku zote zikijumlishwa, haikufika mia mbili.

Hilo lilikuwa jambo la kutangazwa. Lakini silo lililotangazwa.

Waandishi wa habari wa nchi za Magharibi waliwasili kwa kupitia Kigali, wakateremka hadi Gisenyi, na huko wakawakuta watu wamelala barabarani na katika viwanja vya makanisa. Nyuma ya watu hao kulikuwa na moshi, na usiku kulikuwa na wekundu angani. Mpiga picha hahitaji zaidi ya hapo. Kwa muda wa siku mbili au tatu dunia ilielezwa habari za mji ulioangamia, wakimbizi nusu milioni, na janga kubwa lililokuwa njiani: kipindupindu, njaa, na ziwa ambalo lingelipuka na kuua waliosalia. Wapo waliokumbusha habari za Pompeii, ule mji wa Kirumi uliofukiwa na volkeno ya Vesuvius mwaka 79. Baadaye wataalamu walipopima, ilionekana kuwa lava ilifunika kiasi cha asilimia 13 ya eneo la mji. Asilimia hiyo haikuwa ndogo hata kidogo, kwani ilichukua moyo wa biashara na kuwaacha watu zaidi ya laki moja bila nyumba. Hata hivyo mtu aliyenyang'anywa nyumba yake hawi maiti, wala mji uliokatwa na mkondo wa lava hauwi kaburi.

Wenyewe walikuwa wamekwisha kulitambua hilo kabla ya wapimaji. Jumamosi tarehe 19, wakati maiti ya mji wao ilikuwa ikionyeshwa katika televisheni za Ulaya, watu wa Goma walianza kurudi. Jumapili walirudi kwa maelfu. Lava ilikuwa bado ya moto. Juu yake palikuwa na ganda jeusi na chini ya ganda mlikuwa na wekundu. Walipita juu yake kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakikanyaga alipokanyaga aliyetangulia, soli za viatu zikiungua, na mizigo ile ile waliyoondoka nayo ikiwa vichwani.

Mashirika ya misaada yalikuwa yametayarisha kambi ndani ya Rwanda, mahali paitwapo Nkamira na Mudende. Mahema yalikuwapo, maji yalikuwa yakipelekwa, na chakula kilipangwa kugawiwa huko. Wachache tu ndio waliokwenda. Wengi waliyapa mahema kisogo wakaelekea kwenye moshi. Watangazaji wa kigeni walishangaa, na mshangao wao ulisikika. Baadhi walieleza tendo hilo kama ukaidi, wengine kama ujinga wa watu wasiojua hatari, na wengine, kwa huruma ya aina fulani, kama kukata tamaa kwa watu waliochoka kuishi.

Ingetosha kuwauliza wenyewe. Goma ni mji wa Waswahili kwa lugha, na swali la "Kwa nini mnarudi?" halina neno gumu ndani yake.

Majibu yao yalikuwa na msingi. Kwanza walikumbuka mwaka 1994. Julai ya mwaka huo karibu Wanyarwanda milioni moja waliingia Goma na viunga vyake kwa siku chache, na kipindupindu kikaua watu kwa makumi ya maelfu katika kambi. Wenyeji wa Goma waliziona kambi hizo kwa macho yao. Waliona jinsi mtu anavyoingia kambini kwa wiki moja akakaa miaka miwili, na waliona jinsi bunduki na siasa zinavyoingia pamoja na unga wa msaada. Mudende nayo ilikuwa na jina lake baya: mwaka 1997 wakimbizi wa Kikongo waliuawa huko kwa mamia. Mtu akikwambia ukalale hapo, utafikiri mara mbili.

Pili, ilikuwapo vita. Mwaka 2002 Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, waliokuwa wakiungwa mkono na Rwanda. Kwa mwananchi wa Goma, kuvuka mpaka na kuomba hifadhi katika nchi ambayo majeshi yake yalikuwa ndani ya nchi yake halikuwa jambo jepesi, ingawa watu wa kawaida wa Gisenyi, kwa haki, waliwapokea jirani zao vizuri na wengi waliwafungulia nyua zao. Na tatu, pengine hili ndilo lililotangulia yote, nyumba ambazo hazikuungua zilikuwa wazi, na wezi hawaogopi volkeno. Kwa familia isiyo na benki wala bima, mali yote ni mabati ya paa, vitanda, na gunia la maharage. Baba aliyerudi Jumamosi kulinda mabati yake alikuwa amepiga hesabu. Aliona kuwa mkondo umekwisha kupita, kwamba palipopita pamepita na paliposalia pamesalia, na kwamba huko Nkamira hakuna mtu atakayemlipa kilichoibwa Goma.

Baada ya siku chache mashirika yenyewe yalikubali, yakahamishia ugawaji wa chakula ndani ya mji. Pampu za maji ya ziwa zikatengenezwa, maji yakatiwa dawa. Ule mlipuko wa kipindupindu uliotabiriwa haukutokea. Habari ya ugonjwa usiotokea haina picha, kwa hiyo haikupata nafasi.

Haifai, hata hivyo, kugeuza jambo hili likawa hadithi ya wenyeji wenye hekima na wageni wapumbavu. Tarehe 21 Januari, katika kituo kimoja cha petroli kilichozungukwa na lava, watu waliingia kuchota mafuta kwa madumu na ndoo. Lava iliyokuwa jirani ilikuwa bado na moto. Kituo kililipuka, na watu kwa makumi wakateketea kwa dakika moja. Sehemu kubwa ya vifo vyote vya balaa la Goma ilitokea hapo, siku nne baada ya mlima kupasuka, katika mji uliorudiwa mapema na usio na ulinzi. Polisi wawili na kamba wangeweza kuokoa watu wengi pale kuliko ndege ya mahema. Walinzi hao hawakuwapo, au kama walikuwapo hawakusimama hapo.

Hali kadhalika kumbukumbu ya wenyeji huweza kudanganya. Tarehe 10 Januari, 1977, wakati nchi ikiitwa Zaire, ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Lava hiyo ilikimbia kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Iliangamiza vijiji vya mlimani na watu wake, makumi kwa hesabu ya serikali na mamia kwa hesabu za wengine, lakini ilikoma kabla ya kuingia mjini. Kwa hiyo wazee wengi wa Goma waliamini kwamba mlima hula vijiji na kuuacha mji. Mwaka 2002 imani hiyo iliwafanya baadhi yao wachelewe.

Na ile habari ya ziwa haikuwa uzushi mtupu. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, na chini yake zimeyeyukiamo gesi nyingi mno, hewa ya ukaa na methani, ambazo hubanwa huko na uzito wa maji. Tarehe 21 Agosti, 1986, ziwa dogo la Nyos katika nchi ya Kameruni lilitoa gesi ya namna hiyo usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa bila jeraha. Ziwa Kivu ni kubwa kupita Nyos mara nyingi sana, na kandokando yake wanaishi watu kwa mamilioni. Wataalamu waliofika Goma baada ya mlipuko walishusha vyombo vyao majini, wakakuta kwamba lava haikufika kwenye gesi iliyo nyingi, ambayo hukaa chini zaidi ya mita 250. Hatari ipo, siku ile haikuamka. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo ambayo mwandishi mwenye haraka hakuwa na nafasi ya kuieleza.

Katika jambo hili la gesi wenyeji wana elimu yao. Karibu na Goma na Sake yapo mabonde madogo ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mbuzi akiingia haotoki, na mtoto akimfuata mbuzi naye haotoki. Watu wa huko huita mahali hapo mazuku, yaani upepo mbaya. Wanasayansi wa dunia nzima, walipoanza kuandika juu ya gesi hiyo, hawakupata neno bora, na leo mazuku ni neno la vitabu vya elimu ya volkeno katika lugha za Ulaya. Basi watu wanaosemwa kuwa hawakujua hatari ndio walioifundisha dunia jina lake.

Lipo jambo jingine, na ndilo zito kuliko yote. Mei 2001, miezi minane kabla ya mlima kupasuka, shirika la misaada la International Rescue Committee lilitoa makadirio ya vifo vilivyosababishwa na vita mashariki ya Kongo tangu Agosti 1998. Makadirio hayo yalikuwa watu milioni mbili na nusu, wengi wao wakifa kwa maradhi na njaa baada ya kukimbia mapigano. Watu milioni mbili na nusu, katika majimbo yale yale, kwa muda wa chini ya miaka mitatu. Habari hiyo ilichapwa, ikasomwa siku moja, ikaondoka. Mlima ulioua watu wasiofika mia mbili ulikaa katika televisheni za dunia kwa wiki nzima. Mama aliyekuwa akifa kwa malaria porini Masisi kwa sababu zahanati ilichomwa moto, hakuwa na wekundu angani nyuma yake.

Mambo ya namna hii yalikwisha kujadiliwa. Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Seán MacBride ilitoa taarifa yake juu ya mtiririko wa habari duniani, na nchi nyingi za ulimwengu wa tatu zililalamika wakati huo kwamba hutajwa tu zinapopatwa na mapinduzi au maafa. Malalamiko yale yalipingwa vikali na baadhi ya nchi kubwa, nayo baadaye yakazimwa. Hayakuwa bila kasoro yenyewe. Zilikuwapo serikali zilizoyatumia kuficha njaa iliyokuwa ndani ya mipaka yao. Lakini Goma ya mwaka 2002 inaonyesha kuwa msingi wake haukuwa wa kubuni.

Ni haki pia kusema kwamba zile picha za moto zilileta fedha. Kituo cha Goma cha kuchunguza volkeno kilikuwa na wataalamu wa Kikongo waliofanya kazi katika hali duni sana, wakiwa na vyombo vichache vya kupimia matetemeko. Hata hivyo waliona dalili, yaani matetemeko na moshi katika miezi iliyotangulia, na walitoa tahadhari. Hawakusikilizwa na watawala wa mji waliokuwa na vita akilini, wala na ng'ambo. Baada ya mlipuko vyombo vililetwa na wataalamu wakaja. Fedha hizo nazo zina tabia ya kufuata picha: picha zikipoa, nazo hupoa. Mwaka 2020 msaada mkubwa uliokuwa ukikiendesha kituo hicho ulimalizika, na kwa miezi kadhaa wataalamu wake walikosa hata intaneti ya kupokelea taarifa kutoka kwenye vyombo vilivyo mlimani.

Tarehe 22 Mei, 2021, siku ya Jumamosi jioni, mlima ulipasuka tena.

Safari hii lava iliikata barabara ya Rutshuru na kukoma Buhene, pembeni kabisa ya mji, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao katika ajali za magari wakati wa kukimbia, na nyumba zaidi ya 3,000 ziliteketea. Maelfu walivuka tena kwenda Gisenyi usiku, na kulipopambazuka wengi wao walirudi, kama walivyofanya zamani. Lakini ardhi haikutulia. Matetemeko yalifuatana usiku na mchana, nyufa zikaonekana katika barabara na kuta, na vyombo vikaonyesha kuwa lava imejipenyeza chini ya mji wenyewe na kuelekea chini ya ziwa.

Hapo jambo likawafikia askari moja kwa moja. Tangu tarehe 6 Mei mwaka huo jimbo la Kivu ya Kaskazini lilikuwa chini ya utawala wa dharura, na gavana wake alikuwa mwanajeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima. Alfajiri ya tarehe 27 Mei alitangaza kuwa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe mara moja. Watu wapatao laki nne waliingia barabarani siku hiyo.

Yafaa amri hiyo ipimwe kwa haki, maana ni ya aina ambayo kamanda yeyote aweza kuitoa maishani mara moja tu. Mlipuko wa pili haukutokea. Baadaye wapo waliomlaumu jenerali kwa kuwatesa watu bure. Lawama hiyo haina msingi. Kwa habari alizokuwa nazo saa ile, kuwaacha watu laki kadhaa juu ya lava isiyojulikana itatokea wapi kungekuwa kosa lisilosameheka. Dosari ilikuwa mahali pengine. Amri ilisema watu waondoke, nayo ilitaja njia ya Sake, lakini Sake haikuwa imetayarishwa. Watu walifika huko wakalala katika shule na makanisa na nje kando ya barabara, katika mji mdogo ambao maji yake hayakuwatosha hata wenyeji wake, mahali ambapo kipindupindu si mgeni. Watoto zaidi ya mia moja walitengana na wazazi wao katika msukumano wa siku zile. Kuhamisha watu ni kazi yenye vichwa viwili, kutoka na kufika, na kichwa cha pili ndicho ambacho hakikuwa na mwenyewe.

Mwaka 2021 uvumi nao ulikuwa umepata gari jipya. Mwaka 2002 habari mbaya ilihitaji mtangazaji, kamera na mtambo wa kupelekea picha. Mwaka 2021 kila kijana alikuwa na simu mfukoni, na picha za milipuko ya nchi nyingine zilisambazwa kuwa ni za Goma. Tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitangaza mlipuko mwingine, kisha siku hiyo hiyo ikasahihisha kwamba hakuna mlipuko uliotokea. Kilichoonekana kutoka angani hakikuwa volkeno. Kusahihisha lilikuwa jambo jema. Lakini kwa mama aliyekuwa Sake na watoto watatu, aliyekwisha kufunga mizigo kwa taarifa ya kwanza, taarifa ya pili ilikuwa imechelewa. Na hapa wageni hawawezi kubebeshwa mzigo wote. Chombo cha taifa nacho hukimbilia moto.

Tarehe 7 Juni Waziri Mkuu Sama Lukonde alitangaza kuwa watu waanze kurejea. Wengi walikuwa wamekwisha kurejea kimya kimya, wakipitia vichochoro usiku ili kuwakwepa askari wa doria. Askari waliowakamata walikuwa na amri ya kuzuia wezi. Waliokamatwa walikuwa na funguo za milango yao mikononi. Askari na polisi wa nchi yoyote wanaweza kukutana na jambo hilo, kwenye mafuriko au kwenye tetemeko: mtu anayeingia nyumba gizani, na swali la kama ni mwenyewe au ni mwizi. Askari anayemjua balozi wa mtaa, au aliyeketi na wazee wa mtaa kabla ya balaa, hulijibu swali hilo kwa dakika moja. Asiyemjua mtu hulijibu kwa kitako cha bunduki.

Wapo askari wa Tanzania wanaoijua ardhi hiyo kwa miguu yao. Mwaka 2013, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma Novemba 2012 na kuondoka, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Kikosi Maalumu cha Kujibu Mashambulizi, chenye majeshi ya Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Waliokuwa huko wanakumbuka kwamba katika kambi za Goma handaki halichimbwi kwa sululu ya kawaida. Ardhi ni jiwe la lava tupu, jeusi, lenye makali yanayokata kiatu. Na wanakumbuka wekundu ule juu ya mlima wakati wa lindo.

Januari 2025 M23 waliiteka Goma tena, na maelfu ya watu wakapoteza makazi kwa mara nyingine, safari hii kwa bunduki. Kambi za wakimbizi wa vita zilizokuwa zimesimama juu ya miamba ya lava pembeni mwa mji zilibomolewa, na watu wakaambiwa warudi vijijini. Picha zilikuwapo siku za kwanza, kisha zikapungua, kama kawaida.

Ile lava ya mwaka 2002 sehemu kubwa haionekani tena. Wiki chache tu baada ya kupoa watu walianza kuipasua kwa nyundo na mitaimbo. Walijenga juu yake nyumba za mbao, kwa kuwa mbao ni nyepesi na huweza kufunguliwa na kuhamishwa. Waliokuwa na uwezo walichukua mawe yenyewe wakajengea kuta za mawe meusi, zile zinazoonekana leo kila mtaa wa Goma. Mawe hayo husombwa kwa chukudu, ile baiskeli ya miti mitupu isiyo na pedali, ambayo kijana huisukuma mlimani na kuipanda mteremkoni. Wana sanamu yake mjini, yenye rangi ya dhahabu, imewekwa mahali ambapo katika miji mingine huwekwa sanamu ya jenerali.